Kitabu kwanza au tamthilia kwanza? Wanawake wa riwaya za fantasia wanavyobadilishwa kwenye televisheni

Anayetaka kuingia katika ulimwengu wa fantasia siku hizi ana milango miwili: riwaya yenyewe, au tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo. Wengi huchagua kwa kuangalia muda walio nao. Mimi nashauri uangalie pia wahusika wa kike, kwa sababu hao ndio wanaofumuliwa na kushonwa upya kuliko wengine wote, hata ukakuta jina ni lile lile lakini mtu ni mwingine kabisa.

Ninapolinganisha, sihesabu ni wanawake wangapi wameshika upanga. Kumpa mwanamke upanga mbele ya kamera ni kazi rahisi. Ninachotafuta ni akili ya mhusika: nani anang'amua jambo kabla ya wenzake, nani anakata shauri, na je, shauri lake linageuza mkondo wa hadithi au linapita bure? Kwa kipimo hicho, baadhi ya tamthilia zilizosifiwa kwa kuwainua wanawake zinaonekana vingine. Zimewapa silaha, zikawanyang'anya busara.

Nitataja matukio makubwa ya hadithi hizi. Asiyependa kufichuliwa aruke fungu linalomhusu.

Game of Thrones: soma kwanza

Riwaya ya kwanza ya George R. R. Martin katika mfululizo huu ilitoka 1996, na ya tano ikatoka 2011, mwaka ule ule HBO ilipoanza kuonyesha tamthilia. Kufikia 2019 ilikuwa imefika misimu minane na sehemu 73. Vitabuni, kila sura inasimuliwa kutoka ndani ya kichwa cha mhusika mmoja, na miongoni mwao wamo Catelyn, Sansa, Arya na Daenerys, baadaye Cersei na Brienne. Msomaji husikia wanavyopima mambo. Kamera haisikii mawazo. Huona uso na matendo. Kwa hiyo mwanamke ambaye nguvu yake iko katika kufikiri huwa wa kwanza kupungua akivuka kutoka kurasani kwenda kwenye skrini.

Mtazame Catelyn Stark. Mfalme Robert anafika Winterfell, ngome ya akina Stark, kumtaka mumewe Ned awe Mkono wa Mfalme, yaani msaidizi wake mkuu. Katika kitabu, Ned anataka kukataa, na Catelyn ndiye anayemsukuma akubali: anajua mfalme akikataliwa hugeuka kuwa hatari, na barua ya dada yake inayowatuhumu akina Lannister, ukoo wa malkia, inamthibitishia kwamba lazima mtu aende mjini kutafuta ukweli. Katika tamthilia, Catelyn anamsihi mumewe abaki nyumbani, na hoja ya kwenda inatolewa na mwanamume, Maester Luwin. Waandishi wamehamisha maneno machache tu kutoka kinywa kimoja hadi kingine, na mwanasiasa amegeuka mke mwenye hofu. Baadaye kitabuni, mabwana wenye hamu ya vita wanapokutana, yeye ndiye anayesimama kutetea amani muda mfupi kabla hawajamtangaza mwanawe kuwa mfalme. Msomaji humkumbuka kwa hoja zake, lakini aliyetazama tu humkumbuka kwa machozi.

Sansa, binti yake, ametendewa vibaya zaidi. Katika vitabu vilivyotoka mpaka sasa, yuko Bonde la Arryn kwa jina la uongo, akijifunza mbinu za ikulu kutoka kwa Petyr Baelish, mla njama mjanja, na anaanza kumzidi mwalimu wake kidogo kidogo. Anayeozwa kwa Ramsay Bolton ni Jeyne Poole, rafiki yake wa utotoni, aliyelazimishwa kujifanya Arya, mdogo wake Sansa. Mwaka 2015 tamthilia iliwaunganisha wasichana hao wawili. Sansa akaozwa kwa Ramsay, akabakwa usiku wa harusi, na kamera ikageukia uso wa Theon, mateka wa Ramsay, aliyelazimishwa kutazama. Yaani hata maumivu yake hakuachiwa. Yakawa hatua ya kumrudishia mwanamume ubinadamu wake. Seneta wa Marekani Claire McCaskill alitangaza hadharani kwamba ameachana na tamthilia hiyo. Msimu wa mwisho ukaongeza chumvi kwenye kidonda: Sansa anasema kwamba bila Baelish na Ramsay angebaki ndege mdogo maisha yake yote. Siwezi kuisamehe sentensi hiyo. Kitabuni anakua kwa kuangalia, kukumbuka na kujifunza. Kwenye skrini tunaambiwa alikuzwa na wabakaji wake.

Kisha kuna Dorne, jimbo la kusini, ambako hasara ni kubwa lakini haizungumzwi sana. Sheria ya Dorne humrithisha mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume, na mrithi katika vitabu ni Arianne Martell, mwenye sura zake mwenyewe na njama zake mwenyewe. Tamthilia ilimfuta kabisa. Ellaria Sand, mpenzi wa marehemu Oberyn Martell, ambaye kitabuni anasimama mbele ya familia kuuliza visasi hivi vitaishia wapi, akageuzwa kuwa ndiye mlipiza kisasi mkuu: anamtilia sumu Myrcella, binti wa Cersei, kisha anamuua Doran, mtawala wa Dorne. Wale Nyoka wa Mchangani, binti za Oberyn, wana mikuki na mijeledi ya kutosha. Sauti pekee ya kike iliyokuwa ikisema basi, yatosha, ndiyo iliyonyamazishwa.

Nitakuwa mwenye haki. Daenerys ana miaka 13 anapoozwa kitabuni, na waandaaji walifanya jambo jema kumwongezea umri. Lakini walipofika usiku wa harusi wakafanya kinyume: kitabuni mumewe Drogo anasubiri hadi aitikiwe, ingawa siku zinazofuata kitabu chenyewe hakimhurumii binti huyo, katika tamthilia hakuna kusubiri. Na kuna mahali ambapo skrini imeishinda karatasi. Margaery Tyrell hana sura yake hata moja vitabuni. Tunamwona kwa macho ya wengine, ya Malkia Cersei aliyejaa chuki hasa. Natalie Dormer alimpa mpango, ucheshi na uvumilivu wa mtu anayejua anacheza mchezo gani, na mazungumzo yake na bibi yake Olenna, aliyeigizwa na Diana Rigg, ni baadhi ya mambo bora kabisa ya tamthilia nzima. Hayo ni mazungumzo ya wanawake wawili kuhusu madaraka, na hakuna aliyevuliwa nguo ili tuendelee kutazama.

Katika sehemu zote 73, mwanamke pekee aliyeongoza ni Michelle MacLaren, sehemu nne tu. Sisemi kwamba mwanamume hawezi kumwandika mwanamke. Martin mwenyewe ni ushahidi kwamba anaweza. Nasema chumba kisicho na wa kuuliza "kwa nini Catelyn hasemi tena?" kitalipita swali hilo bila kuliona.

House of the Dragon: tazama kwanza

Hapa mizani inageuka. Fire & Blood, kitabu cha 2018, kimeandikwa kama historia ya uongo: mwanazuoni anakusanya habari za ukoo wa Targaryen, mababu wa Daenerys, na kuhusu vita vya kiti cha enzi kati ya Rhaenyra na Aegon, ndugu yake wa baba mmoja, mashahidi wake wakuu ni wanaume, akiwemo kasisi aliyeegemea upande mmoja na kibeti mchekeshaji anayependa mambo machafu. Rhaenyra na Alicent, mama yake Aegon, tunawaona kwa mbali, kama watu waliosengenywa mpaka usengenyaji ukawa rekodi. Tamthilia iliyoanza 2022 haikuwa na njia ila kuwabuni upya, na hapo ilipata kitu cha thamani. Kitabuni Alicent ni mkubwa kwa takriban miaka tisa, ni mama wa kambo na mpinzani. Kwenye skrini ni marika na marafiki wa utotoni, na mmoja anaozwa kwa baba wa mwenzake. Ghafla ugomvi wa kiti cha enzi unakuwa na chanzo tunachokielewa: mfumo uliowachukua wasichana wawili waliopendana ukawafanya kila mmoja awe kizuizi cha mwenzake.

Sehemu ya kwanza ina mfano mwingine. Kitabu kinataja kwa ufupi kwamba Malkia Aemma, mama yake Rhaenyra, alifariki katika uzazi. Tamthilia inaonyesha mumewe akiamua apasuliwe ili mtoto aokolewe, bila kumuuliza yeye. Ni vigumu kutazama, na ninamwelewa anayefumba macho. Ila tofauti na harusi ya Sansa, hapa ukatili unaeleza hadithi nzima inayofuata: katika ufalme huu tumbo la mwanamke ni mali ya taji.

Tatizo langu ni lingine. Kitabuni Alicent anataka mwanawe atawale na anapanga iwe hivyo. Ana tamaa, na tamaa hiyo ni yake. Kwenye tamthilia anayasikia vibaya maneno ya mumewe anayekata roho, anadhani amemtaja mwana wao Aegon, na taifa linaingia vitani kwa sababu ya kutosikilizana. Msimu wa pili, wa 2024, unamfikisha Alicent kwa Rhaenyra akikubali kichwa cha mwanawe kiende. Rhaenyra naye, ambaye kitabuni hasira inamla hadi anatisha, kwenye skrini anazuiwa zuiwa asije akachukiwa. Naona woga hapo. Kumnyima mwanamke haki ya kuwa mkosaji kwa hiari yake ni njia nyingine ya kumnyima akili, hata kama nia ilikuwa kumtetea. Hata hivyo, tamthilia hii inakupa watu. Kitabu kinakupa uvumi kuhusu watu. Anza na watu.

The Wheel of Time: inategemea unamtafuta nani

Robert Jordan alianza mfululizo huu 1990, akafariki 2007, na Brandon Sanderson akaukamilisha mwaka 2013 katika kitabu cha 14. Hapa wanawake hawakuhitaji kuongezewa madaraka na mtu yeyote. Nusu ya kiume ya nguvu za kichawi imechafuliwa, wanaume wanaoitumia hupata wazimu, na kwa hiyo Aes Sedai, udugu wa wanawake, wamekuwa washauri na watisha wafalme kwa karne nyingi. Udhaifu wa vitabu uko kwingine: wanaume na wanawake wanalaumiana kwa mtindo ule ule kitabu baada ya kitabu, Nynaeve, mganga wa kijiji, anavuta msuko wake kila akikasirika, na Rand, kijana shujaa wa hadithi, anaishia kupendwa na wanawake watatu wanaokubaliana kumgawana. Ukivisoma vyote, utachoka na hayo.

Tamthilia ya Amazon, iliyoanza Novemba 2021, ilihamisha kitovu kutoka kwa Rand kwenda kwa Moiraine, mmoja wa Aes Sedai, aliyeigizwa na Rosamund Pike. Naupenda uamuzi huo. Moiraine wa kitabu cha kwanza ni fumbo linalotazamwa na vijana wa kijijini. Wa kwenye skrini ana mpenzi, ana viapo vinavyombana, ana uchovu. Uhusiano wake na Siuan, kiongozi wa Aes Sedai, ambao vitabu viliudokeza tu, umewekwa wazi na kupewa uzito. Liandrin, Aes Sedai mwingine, ambaye vitabuni ni mwovu wa kawaida, anapewa mtoto wa kiume aliyezeeka kabla ya mama yake, na tunaanza kuelewa chuki yake bila kuihalalisha.

Makosa mawili ni makubwa. La kwanza, msimu wa kwanza unadai kwamba Joka Aliyezaliwa Upya, yule aliyetabiriwa kuiokoa dunia au kuiangamiza, anaweza kuwa Nynaeve au Egwene, msichana wa kijiji kile kile. Linasikika kama usawa, lakini linavunja mhimili wa hadithi: dunia inamwogopa Joka kwa sababu ni mwanamume ambaye nguvu yake itamtia wazimu. Ukiondoa hilo, hofu yote inabaki bila sababu. La pili ni Laila, mke wa Perrin, rafiki wa Rand. Vitabuni Perrin anaianza hadithi bila mke. Ndoa hiyo ilibuniwa ili mume amuue mkewe kwa bahati mbaya katika sehemu ya kwanza, na Perrin apate huzuni ya kubeba. Sanderson mwenyewe alisema wazi kwamba hakuukubali uamuzi huo. Tamthilia iliyojitangaza kuwa ya wanawake ilianza kwa kumtengeneza mwanamke ili afe kwa faida ya mumewe.

Rand naye amepunjwa. Mwisho wa kitabu cha kwanza, yeye ndiye anayeliangamiza jeshi la adui. Katika tamthilia kazi hiyo inafanywa na wanawake waliounganisha nguvu. Sioni kwa nini mmoja lazima apungue ili mwingine aongezeke, na msimu wa tatu, ambao ni bora kuliko yote, ulithibitisha kwamba haikuwa lazima: safari ya Rand kwenda Rhuidean, mji wa jangwani, na mapambano ya Moiraine vinakaa pamoja bila kunyang'anyana nafasi. Mei 2025 Amazon ikaikatisha. Anayetaka hadithi yenye mwisho asome vitabu. Anayemtaka Moiraine atazame, akijua ataachwa njiani.

The Witcher: msimu mmoja, kisha vitabu

Yennefer wa Andrzej Sapkowski anaingia katika hadithi fupi akiwa tayari mchawi mkubwa, na Geralt, mwindaji wa mazimwi, ndiye anayegundua, kwa kumtazama macho, kwamba uzuri ule umefunika msichana aliyekuwa na kibiongo. Netflix mwaka 2019 ililifungua jambo hilo likawa maisha kamili: baba wa kambo anamuuza kwa marki nne, bei ndogo kuliko ya nguruwe, anapelekwa Aretuza, shule ya wachawi, anajifunza kwa aibu na hasira. Anya Chalotra anaibeba sehemu hiyo vizuri mno. Kwa msimu huo mmoja nathubutu kusema tamthilia imemtendea Yennefer haki kuliko hadithi fupi zilivyomtendea.

Halafu msimu wa pili ukaja. Katika Blood of Elves, kitabu cha 1994, Yennefer anamfundisha uchawi Ciri, binti wa kifalme anayelindwa na Geralt, katika hekalu la Melitele, na kurasa zile ni za taratibu: mwanamke mkali na msichana mkaidi wanaanza kwa kutopendana na kumaliza wakiwa mama na binti. Hakuna pigano, na bado ni moyo wa hadithi yote. Waandishi wa tamthilia, ambayo kinara wake Lauren Schmidt Hissrich ni mwanamke, walimpokonya Yennefer uchawi wake na kumfanya apange kumkabidhi Ciri kwa pepo ili arudishiwe nguvu. Vitabuni mapenzi yake kwa Ciri ndiyo kitu kisichotikisika katika dunia inayotikisika. Mfano huu ndio unaonizuia kusema kwamba kuweka mwanamke kwenye usukani kunatosha. Shinikizo la kutaka msukosuko kila baada ya sehemu chache humshinda hata mwenye nia njema. Tazama msimu wa kwanza, uzime, ufungue kitabu.

The Rings of Power

Kwa hii nitakuwa mfupi. Galadriel wa tamthilia hii ya 2022, iliyotokana na maandishi ya J. R. R. Tolkien, ni kamanda mwenye upanga, na wapo waliolalamikia upanga huo. Mimi sina shida nao. Tolkien mwenyewe alimweleza kuwa mrefu na mwenye nguvu za mwili. Shida ni kwamba katika maandishi yaliyochapishwa 1980, Galadriel anamdharau Sauron, adui mkuu, aliyekuja kwa sura nzuri, na Sauron anatambua mara moja kwamba huyu ndiye atakayekuwa kizuizi chake kikubwa. Katika tamthilia anakutana naye baharini bila kumtambua, anamwamini, na kumsaidia kuinuka. Ana jeraha la vita sasa, ila jicho lake la kung'amua limeondolewa. Soma.

His Dark Materials: vyote viwili, kwa mpangilio wowote

Hii ndiyo naipendekeza bila masharti mengi. Riwaya ya kwanza ya Philip Pullman ni ya 1995. Tamthilia ya BBC na HBO ilianza 2019 na kukamilika 2022, misimu mitatu, sehemu 23, hadithi nzima. Kitabuni Bi Coulter tunamwona zaidi kwa macho ya binti yake Lyra: mzuri, ananukia vizuri, anatisha. Ruth Wilson, pamoja na waandishi, waliingia ndani yake. Katika ulimwengu ule kila mtu ana daimoni, sehemu ya nafsi yake inayotembea pembeni kwa umbo la mnyama, na Bi Coulter wa tamthilia amejifunza kujitenga na nyani wake na kumwadhibu. Huhitaji kuelezwa kwamba mwanamke huyu amefanya vita na nafsi yake kwa miaka mingi.

Msimu wa pili unampeleka katika ulimwengu unaofanana na wetu, ambako anakutana na Mary Malone, mwanafizikia mwanamke anayefanya utafiti wake kwa jina lake. Bi Coulter, ambaye kwao elimu kubwa ilifungiwa mlango usoni pake, anatazama maisha ambayo yangeweza kuwa yake. Haibadilishi ukatili wake. Anaendelea kuwa mtu hatari hadi mwisho. Lakini sasa ukatili una historia, na chaguo lake la mwisho kwa ajili ya Lyra linakuwa zito zaidi. Hivi ndivyo kubadilisha kunavyotakiwa kufanywa: kumwongezea mhusika undani bila kumpunguzia makali.

Anayelipa gharama kidogo ni Lyra. Wa kitabuni ni mwongo wa kipaji, mtoto wa mitaani kwa tabia ingawa amelelewa chuoni, na uongo wake ni sanaa. Dafne Keen anamwigiza kwa umakini unaogusa, ila ule utundu unafifia. Kama unamtazama au kumsoma pamoja na binti wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, mpe kitabu kwanza ili akutane na yule Lyra mtundu, kisha mkae pamoja mumtazame Bi Coulter. Game of Thrones na House of the Dragon ziache mpaka awe mtu mzima. The Wheel of Time na The Witcher nazo zina damu ya kutosha kumnyima mtoto usingizi. Kwako wewe mwenye wiki chache tu za kutumia, na unayetaka mwanamke mmoja aliyeandikwa vizuri kwenye karatasi na vizuri zaidi kwenye skrini, anza na msimu wa kwanza wa His Dark Materials.